Ng'ombe Wetu wa Hatineli

Mimi niliolewa kwa ng'ombe wawili ambao hakuna mtu wa kwetu aliyewahi kuwasikia wakilia. Cheka ukitaka, lakini cheka ukiwa mbali na karai langu, maana mafuta ni ya moto na hasira yangu iko karibu.

Naitwa Kageha, binti Erastus wa Malinya. Hapa Lurambi watu wananijua kwa mandazi. Wale wajuaji wananiita Mke wa Ng'ambo, na nikimsikia mtu akilitaja jina hilo namuuzia mandazi ya jana.

Yote yalianzia Navakholo, nyumbani kwa Mzee Osundwa, ambaye baadaye alikuja kuwa baba mkwe wangu. Osundwa ni mkulima wa miwa, mtu mnene wa maneno. Binti yake Naliaka, mwalimu wa watoto wadogo, alipendana na Phanuel, kijana wa hapa Lurambi aliyesomea mambo ya mvua na upepo. Phanuel alikuwa amekwenda Afrika Kusini kutafuta kazi, na kutoka huko akaajiriwa kupima hali ya hewa katika kisiwa kimoja kiitwacho Hatineli. Kiko kusini kabisa, katikati ya bahari ya Atlantiki, ni mali ya Malkia wa Uingereza, na watu wake wote wangeingia katika kanisa letu la Malinya na viti vikabaki. Mwaka wa tisini na tano Phanuel akaja likizo, na wazee wake wakaenda Navakholo kuposa.

Mimi sikuwepo, lakini Naliaka alinisimulia mara nyingi tukichambua mboga, akiigiza sauti ya kila mzee mpaka namwomba aache, mbavu zinaniuma. Wazee wa Osundwa walitaka kujua binti yao anapelekwa wapi, na huko watu wanaishi kwa kitu gani. Phanuel akajibu kwa heshima, kijana wa watu. Alisema kwanza wanaishi kwa stempu. Wanachapisha stempu nzuri nzuri za ndege na samaki, wanawauzia watu wa Ulaya, na watu hao wanazibandika kwenye vitabu wala hawatumi barua hata moja. Wazee walicheka mpaka mmoja akaachia mrija ukazama kwenye chungu cha pombe ya busaa.

Wakamwuliza, na baada ya stempu? Akasema wanauza leseni. Meli za mataifa makubwa zinalipa ndipo ziruhusiwe kuvua kamba na samaki kwenye bahari yao. Osundwa akauliza kama wale samaki walifugwa na hao watu. Hapana. Waliwalisha? Hapana. Basi akasema hao ni wezi waliobarikiwa. Phanuel akaendelea kwamba kila nyumba ina kishamba cha viazi, hakuna anayeuza ardhi, na mahitaji mengine huletwa na meli inayofika mara chache kwa mwaka, tena bahari ikichafuka inageuza na kurudi na mizigo yake.

Hapo Osundwa akasikitika sana. Akawahurumia watu wanaokaa tu wakingojea meli. Haki ya Mungu, aliyasema hayo akiwa amekalia kiti alichokopa dukani kwa ahadi ya malipo ya miwa. Miwa yenyewe ilikuwa imekatwa zamani, ikawa sukari, sukari ikawa chai, na chai ilishakuwa mkojo, na yeye bado hajalipwa. Kila Jumatatu alipiga pasi koti lake akaenda kiwanda cha sukari kuuliza, na kila Jumatatu aliambiwa arudi Jumatatu. Lakini yeye ndiye aliyewahurumia watu wa Hatineli.

Kisha wakafika kwenye ng'ombe, na hapo kicheko kikakoma. Phanuel alisema kule sheria ni ng'ombe wawili kwa kila nyumba, basi, kwa sababu majani ni machache. Mzee mmoja akauliza, hata chifu? Hata chifu. Wazee wakaweka mirija chini, kama mtu ametukana kanisani. Nchi gani hiyo ambayo mtu mkubwa na mtu mdogo wana ng'ombe sawa? Sasa mtu anajuaje amsalimie nani kwanza?

Phanuel mwenyewe alikuwa amekuja amejipanga. Alikuwa na bahasha ya pesa ya kununua ng'ombe wa mahari sokoni wiki hiyo hiyo. Lakini Osundwa alikuwa ameshaanza kuuliza habari za wale wawili wa kisiwani. Ni wa gredi? Ndiyo, wa kizungu. Mvua iko? Mwaka mzima. Kupe? Hawajui kupe ni mdudu gani. Osundwa akasukuma bahasha ikarudi upande wa pili wa meza.

"Nataka wale," akasema.

"Mzee, wale hawatatoka kule. Hakuna meli itakayowabeba."

"Nani amesema watoke?"

Sasa lazima ujue desturi yetu ndipo uuone ujinga huu ulivyovaa suti. Tangu zamani mtu mwenye busara haweki ng'ombe wake wote zizini kwake. Mmoja anamweka kwa rafiki ng'ambo ya mto, mwingine kwa shemeji kilima cha pili. Rafiki anakamua na kunywa, lakini ng'ombe ni wako na ndama ni wako. Ugonjwa ukija haumalizi wote, na jamaa wenye shida hawajui una wangapi. Osundwa akawaeleza wazee kwamba ng'ombe wa zizini huliwa na matanga ya jirani, akibaki huliwa na karo, akibaki huombwa na ndugu. Ng'ombe wa Hatineli nani atamfikia? Baba yake aliweka ng'ombe Bunyala na akaheshimiwa. Yeye ataweka ng'ombe Atlantiki.

Wazee wakaona ni akili nyingi. Phanuel alijaribu mara mbili kuirudisha ile bahasha, Naliaka anasema alikuwa karibu kulia. Lakini meli ilikuwa ikimngoja, na akichelewa hiyo, nyingine ni baada ya miezi na kazi imekwenda. Akakubali kwamba ng'ombe wake wawili sasa ni wa Osundwa, yeye ni mtunzaji tu. Akaacha na stempu moja ya kisiwa yenye picha ya ng'ombe wawili wakila majani, na bahari nyuma yao. Akamchukua Naliaka wakaenda.

Toka siku hiyo Osundwa akawa mtu mwingine. Kwenye baraza la chifu alipewa kiti cha mbele, na dukani alikopeshwa sukari na sabuni kwa sababu ana mali ng'ambo. Ile stempu aliiweka ndani ya Biblia, kwenye Zaburi, na kila mgeni alifunuliwa. Nani asingetaka kuwa mkwe wa mtu kama huyo? Baba yangu Erastus alitaka sana.

Kwa sababu Wanzala, mwana wa Osundwa, alinipenda, na mimi nilimpenda. Sitasema uongo kwa sababu ya yaliyofuata. Alikuwa na meno mazuri na alijua kuchekesha. Walipokuja Malinya kutoa mahari, Osundwa aliifungua Biblia, na wazee wetu wakapangusa vidole kwenye suruali kabla ya kuishika stempu. Baba, ambaye maisha yake yote alichimba mashimo akitafuta dhahabu na akapata tope, aliitazama ile picha akameza mate. Senge yangu, dada yake baba, ndiye peke yake aliyeuliza nani atakamua. Akaambiwa mambo ya uchumi si ya wanawake. Desturi inasema mmoja katika ng'ombe wa mahari ni wa mama mzazi. Basi mama yangu alipewa yule wa kushoto kwenye stempu, akapongezwa, watu wakapiga vigelegele. Chai tuliyokunywa siku hiyo ilikuwa ya rangi.

Stempu ikahamia Malinya. Haikukaa. Ndugu yangu Griffin alikuwa na mchumba, Christine, binti wa karani mstaafu wa hapa Lurambi, na ng'ombe za dada ndizo humwolea kaka. Baba akaifunga stempu kwenye plastiki akaja nayo Lurambi. Karani ni msomi, nikafikiri hapa mchezo umeisha. Wapi. Karani aliwasifu kwa kusema kwamba hata benki ndivyo zinavyofanya kazi, mali haisogei, husogea neno tu. Akapokea. Kwa hiyo wale ng'ombe wawili, bila kuinua mguu, walikuwa wameoza mabinti watatu. Na kila mzee aliyewapokea alisema ni wake, na aliyewatoa pia hakuacha kuwataja kwenye busaa. Walianza hata kugombania ndama. Osundwa na baba yangu walikaa wiki mbili hawasalimiani kwa sababu ya ndama ambaye hakuna aliyejua kama amezaliwa.

Sasa nifike kwenye yangu. Wanzala alikuwa ameandikisha shamba lake la miwa kiwandani kama baba yake, na kama baba yake akaanza kungojea Jumatatu. Kungoja kunachosha, na aliyechoka anakunywa. Chang'aa ikaingia, vichekesho vikaisha. Mara ya kwanza alinipiga kwa sababu obusuma, ugali wetu, ilikuwa laini. Mara ya pili kwa sababu ilikuwa ngumu. Baada ya hapo hakutafuta tena sababu. Niliumia, na niliona aibu, na kilichonichoma zaidi ni kwamba nilianza kumwogopa mtu niliyemchagua mwenyewe. Nikamchukua binti yetu Khalayi, nikarudi Malinya.

Baba aliniona langoni, akaona jicho langu lilivyovimba, na uso wake ukaingia hofu. Nilidhani ananihofia mimi. Kumbe alikuwa anapiga hesabu. Mwanamke akiacha ndoa, mahari hurudishwa, na yeye ng'ombe alishawapeleka Lurambi. Wakirudi kwa Osundwa, Griffin atakuwa amekaa na binti wa watu bure. Karani naye atakosa ng'ombe, na alishawaahidi kwa mwanawe.

Sijawahi kuona wazee wakikimbia hivyo. Kesi ya mpaka wa shamba letu imekaa tangu nikiwa mtoto, lakini kwa ajili yangu wazee wa nyumba tatu walikutana kabla jicho halijafunguka. Kila mmoja alinibembeleza. Walisema ndoa ni uvumilivu. Karani alinieleza, kwa sauti ya chini kama daktari, kwamba kuna mambo ambayo yakivutwa uzi mmoja nguo yote inafumuka, na kwamba mimi ndiye huo uzi. Nikamwuliza mbona nguo nzima ivaliwe na watu watatu halafu anayechapwa ni uzi.  Wakanirudisha Navakholo, na Wanzala akaonywa kwa maneno matamu, wazee wakachinjiwa ingokho, kuku wa heshima, wakaondoka.

Nilikaa. Mwaka ukapita na nusu ya mwingine. Safari ya mwisho alinivunja mkono wa kushoto, na hospitalini niliambiwa niseme nilianguka. Nilisema nilipigwa. Muuguzi akaandika nilianguka.

Desemba ya tisini na nane Naliaka na Phanuel wakaja likizo. Osundwa alifanya sherehe kubwa kwa vitu vya kukopa, na akawaita baba yangu na karani, pamoja na Griffin na mkewe, waje kusikia habari za mali yao. Wote walikuja wamevaa vizuri. Karani alibeba kalamu ya kuandika rangi za ndama. Mimi nilikuwa jikoni nikigeuza obusuma kwa mkono mmoja, wa pili ukiwa ndani ya plasta. Naliaka aliiona ile plasta, akaweka mzigo wake chini, akanishika usoni. Hakuniuliza nimeanguka wapi.

Baada ya kula Osundwa akakohoa, akamwambia mkwewe aeleze ng'ombe wamefika wangapi. Phanuel akatazama mikono yake.

"Mzee, tuliwala," akasema.

Akaeleza polepole. Kule ng'ombe akizeeka huchinjwa, na nyama hugawanywa nyumba kwa nyumba, kila moja sawa. Ndama wakizidi hupewa nyumba changa au huliwa, maana sheria ni wawili. Wale wa kwenye stempu walichinjwa mwaka uliopita, na sasa nyumba yake ina wengine wawili ambao ni wa nyumba yake. Alikumbusha kwamba bahasha aliileta, na ikakataliwa. Naliaka akaongezea kwamba nyama ilikuwa nzuri. Alifanya makusudi, namjua.

  Karani alirudisha kalamu mfukoni taratibu. Kisha wazee wakainuka wote bila kuambizana wakaenda nyuma ya nyumba, na tukawaona kupitia migomba wakirushiana mikono. Walirudi nyuso zimetulia. Osundwa ndiye aliyesema. Alisema ng'ombe aliyewekwa kwa mtu, akifa, mtunzaji humletea mwenyewe ngozi na mguu mmoja wa nyama. Ndiyo sheria, kutoka kwa babu zao. Ngozi imeletwa? Haijaletwa. Mguu umeonekana? Haujaonekana. Kwa hiyo ng'ombe hawajafa. Wako hai Hatineli, wanaendelea vizuri, na ndoa zote ziko salama. Wazee wakaitikia. Wanzala, pembeni, akatabasamu kwa yale meno yake.

Lile tabasamu ndilo lililonitoa jikoni. Nilisimama mbele yao na mwiko mkononi, unga ukinidondokea miguuni.

"Mmesema wako hai?" nikauliza.

Osundwa akasema wako hai.

"Wote wawili, salama, pale pale mlipowatoa?"

Pale pale, akasema, na alisema kwa fahari.

"Basi baba yangu anawarudisha. Leo, mbele ya wote. Nyinyi mlituletea kwa neno, na sisi tunawarudishia kwa neno. Mimi na mtoto wangu tunaenda nyumbani."

Wanzala akainuka. Phanuel naye akainuka, na ni mrefu. Wanzala akakaa. Nikamtazama baba. Baba yangu si jasiri, amezeeka akiogopa watu wanene wa maneno. Lakini hesabu rahisi anaiona, na aliona kwamba kwa mara ya kwanza maishani mwake angeweza kulipa deni lote bila kutoa hata kuku. Tena aliutazama mkono wangu, na safari hii hakupiga hesabu. Akasimama, akavua kofia.

"Mzee Osundwa, nakurudishia ng'ombe wako wawili," akasema. "Wako salama. Hawana hata kikohozi."

Karani akaruka kuuliza, na wa kwake? Baba akamwambia wa kwake pia wako pale pale, asiwe na wasiwasi, mali haisogei. Griffin aliangua kicheko akajifanya anakohoa. Christine, mkewe, alisema kwa sauti kwamba yeye hakuolewa na ng'ombe, akaendelea kumlisha mtoto.

Osundwa alitokwa na jasho shingoni. Akikataa kuwapokea, ni kusema wameliwa. Na kama wameliwa, basi hakuna aliyenioa, na mtoto ni wa kwetu. Akipokea, wamerudi, mimi niko huru, na mtoto ni wa kwetu. Aliizunguka ile hesabu kama mbuzi aliyefungwa kwenye mti, kamba ikazidi kumfupikia. Mwishoni akanyoosha mkono, akampa baba mkono wa kupokea. Nilimfunga Khalayi mgongoni, Naliaka akinisaidia kukaza leso kwa sababu ya mkono wangu, na nikatoka kwenye boma lile mchana kweupe kwa njia kubwa.

Sasa mkono umepona, nimehamia hapa Lurambi, mandazi yanauzika. Nilidhani nimeyamaliza. Lakini leo asubuhi wateja wawili kutoka Navakholo walikaa kwenye benchi langu wakinywa chai, wakawa wanamsifu Osundwa. Amemposea mwanawe mdogo mke huko Butere. Wazee wa Butere wamepokea ng'ombe wawili wa gredi wa ng'ambo, hawajui kupe. Wakanieleza rangi yao, pembe zao, na maziwa wanayotoa asubuhi na jioni. Nikauliza msichana anaitwa nani. Wakatazamana. Jina la msichana hawakulijua.

Kwa hiyo kesho usinitafute hapa. Sikaangi. Naenda Butere, nitauliza nyumba hadi nyumba mpaka nimpate, nimketishe chini, nimweleze huyo binti wa watu ng'ombe zake ziko wapi.